Juzuu tatu za Minhaj: uchambuzi wa kisa cha kitabu cha wakfu kilichotaka kuuzwa

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia, walimu wa madrasa na wahifadhi wanaokuta vitabu vya kale vya sharia majumbani, ambao swali la kwanza wanaloulizwa huwa ni bei. Majina ya watu, mji, mahakama na taasisi zilizohusika yameondolewa, pamoja na tarehe na mihuri ambayo ingemtambulisha mtu.

## Usuli

Katika mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki aliishi mwalimu wa fiqhi aliyesomesha barazani kwake mpaka uzeeni. Alipofariki, vitabu vyake vilibaki kabatini na mwanawe akavitunza. Mwana naye alipofariki, warithi walikubaliana nyumba iuzwe na mirathi igawanywe. Kabati likafunguliwa. Mlikuwa na misahafu, vitabu vya nahau, maulidi yaliyonakiliwa kwa mkono, na juzuu tatu nene za Minhaj al-Talibin, kitabu cha fiqhi ya madhehebu ya Shafi, Kiarabu pamoja na Kifaransa, zilizopigwa chapa Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta.

Mjukuu mkubwa, aliyeachiwa na ndugu zake shughuli za mirathi, alizipiga picha juzuu hizo akazituma kwa dalali wa vitu vya kale. Dalali akazinadi kwa wanunuzi wa ng'ambo kuwa ni "kitabu cha karne ya 13". Mnunuzi hakukawia kupatikana, na arubuni, yaani malipo ya kutanguliza, ikatolewa. Sisi wahifadhi wa vitabu tuliitwa baada ya hapo, tena kwa jambo dogo tu: tushauri vitabu vitengenezwe vipi ili vipendeze machoni kabla ya kusafirishwa.

## Kitabu chenyewe

Tangazo la dalali lilichanganya umri wa maandishi na umri wa chapa, na kosa hili ni la kila siku katika biashara ya vitabu vya sharia. Maandishi kweli ni ya karne ya 13. Imam Yahya bin Sharaf al-Nawawi alizaliwa Nawa, kusini mwa Damascus, mwaka 1233, akafariki hukohuko mwaka 1277. Minhaj ni ufupisho wa al-Muharrar, kitabu cha al-Rafi'i wa Qazwin aliyefariki mwaka 1226. Lakini Nawawi hakufupisha tu. Kila alipoona al-Rafi'i ameipa nguvu kauli isiyostahili, aliongeza yake, akiianza kwa neno "qultu", yaani "nasema", na kuifunga kwa "wallahu a'lam". Mwenye kuzijua alama hizo mbili hutambua mara moja ni nani anayesema katika kila mstari. Alama hizi zitarudi mbele, maana mojawapo iliamua sehemu ya kisa hiki.

Minhaj ndiyo iliyoandikiwa sherehe, yaani vitabu vya ufafanuzi, mbili ambazo Mashafi wa baadaye waliziegemea kuliko zote, Tuhfat al-Muhtaj ya Ibn Hajar al-Haytami na Nihayat al-Muhtaj ya al-Ramli. Ilisomwa Hadhramaut huko Yemen, Java, Komoro na mwambao wetu wote.

Chapa ya Batavia ni jambo jingine. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1882, ya pili 1883 na ya tatu 1884, katika matbaa ya serikali ya kikoloni ya Uholanzi, chini ya uhariri na tafsiri ya L.W.C. van den Berg. Serikali hiyo iliagiza kazi hii kwa sababu ilitawala mamilioni ya Waislamu wa madhehebu ya Shafi na ilitaka kujua sharia wanayohukumiana nayo. Tafsiri ya van den Berg ilikosolewa vikali na Snouck Hurgronje, mwanazuoni mwenzake wa Kiholanzi, na ukosoaji huo ulikuwa na haki. Hata hivyo ndiyo iliyoenea. E.C. Howard aliigeuza kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, ikachapishwa London mwaka 1914, na Minhaj hiyo ya Kiingereza ndiyo iliyofunguliwa mezani na majaji wa kikoloni wasiojua Kiarabu, hata katika kesi za wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala kurithiwa, za pwani yetu. Kwa hiyo Mswahili aliyepoteza au kuokoa shamba la wakfu mahakamani enzi za Mwingereza huenda alihukumiwa kwa maneno yaliyopita Batavia kwanza.

Je, chapa ya miaka ya 1880 ni ya mapema? Kwa vitabu vya fiqhi, ndiyo. Matbaa ya Bulaq huko Cairo ilianza kazi miaka ya 1820. Unguja ilipata matbaa yake wakati wa Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, nayo ilijishughulisha na vitabu vya madhehebu ya Kiibadhi. Mwanafunzi wa Kishafi wa pwani wakati huo mara nyingi bado alinakili kitabu chake kwa mkono. Wala hakuna ajabu kitabu cha Batavia kufika huku: Mahadhrami walikuwa na jamaa Java na jamaa hapa, na van den Berg mwenyewe alichapisha mwaka 1886 kitabu kizima juu ya Hadhramaut na Waarabu wa visiwa vile.

## Yaliyotokea

Tulipofika, juzuu zilikuwa mezani kwa fundi wa kujalidi. Mjukuu alikuwa amemwomba avue majalada yaliyochakaa, atupe karatasi za mwanzo zilizotoboka, akate kingo zilizosagika na kutia ngozi mpya. Juzuu ya pili ilikuwa imewahi kufanyiwa hivyo zamani. Karatasi zake za mwanzo hazikuwepo, na kisu cha mjalidi wa wakati ule kilikuwa kimepunguza pambizo hata maelezo ya mkono yaliyoandikwa pembeni yakabaki nusunusu.

Fundi alikuwa hajaanza, kwa sababu shangazi wa mjukuu alikuwa amemzuia. Bibi huyu, mtoto pekee wa mwalimu aliyebaki hai, alisema mbele yetu sote: "Mwanangu, hiki hakikuwa chetu. Tulipokuwa wadogo, baba akitutuma kabatini alikuwa akisema, nileteeni kile cha wanafunzi." Mjukuu alimjibu kwa adabu lakini kwa msimamo: "Shangazi, vitabu vyote vya babu vilikuwa vya wanafunzi. Alikuwa mwalimu."

Tuliomba ruhusa ya kufungua juzuu ya kwanza. Katika karatasi isiyochapwa, kabla ya ukurasa wa jina la kitabu, palikuwa na mistari minne ya Kiarabu kwa wino mweusi. Mfanyabiashara mmoja, asiyekuwa wa ukoo huu, alieleza kwamba amekiweka kitabu hiki wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kwa wanaotafuta elimu katika mji huu, kisiuzwe, kisitolewe hiba, kisirithiwe, wala kisitoke mjini. Akataja mwaka wa Hijria, akaweka jina lake. Hakutaja shahidi wala hakumtaja msimamizi. Maneno hayohayo yalirudiwa katika juzuu ya tatu.

Mjukuu hakujua. Hasomi Kiarabu cha mkono, na picha alizozituma kwa dalali zilikuwa za majalada na kurasa za majina tu. Dalali, alipoelezwa kwa simu, alisema mihuri na maandishi ya namna hiyo ni mapambo ya kawaida, na kwamba karatasi ikiondolewa bei haishuki. Kauli hiyo ndiyo iliyowafanya baadhi ya warithi waanze kusita.

Siku hiyohiyo tuliona jambo la pili. Unga laini ulikuwa ukidondoka kwenye uti wa juzuu ya tatu: dumuzi walikuwa hai ndani.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha kila kitu ambacho hakirudishiki nyuma. Hakuna kukata, kubandika wala kusafirisha. Wadudu peke yao hawakuweza kusubiri. Kila juzuu ilifungwa ndani ya karatasi safi, kisha ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, ikawekwa katika friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Friza ilikuwa ya mfanyabiashara wa samaki wa mtaani, ikasafishwa na kuachwa kwa kazi hiyo tu. Zilipotolewa, mifuko haikufunguliwa mpaka siku ya pili, ili mvuke wa pwani utulie juu ya plastiki na usitulie juu ya karatasi. Tuliikataa dawa ya kupulizia iliyopendekezwa na mmoja wa wajukuu, kwa sababu hubaki kwenye kurasa na kuingia mikononi mwa msomaji.

Uamuzi wa pili ulikuwa kupiga picha kila ukurasa, hata ulio mtupu, kabla ya tengenezo lolote. Mjukuu aliona ni kupoteza muda, kwani kitabu kimechapwa na nakala zake zipo maktaba nyingi za Ulaya. Jibu letu lilikuwa kwamba maneno yaliyochapwa yanapatikana kwingine, yaliyoandikwa kwa mkono hayapatikani popote ila hapa.

Kazi hiyo ilizaa tunda ambalo hatukulitarajia. Katika pambizo ya juzuu ya tatu, mwanzoni mwa mlango mmoja, mwalimu mwenyewe alikuwa ameandika kwamba hapo ndipo alipofika darsa katika mwezi fulani, "katika kitabu hiki cha wakfu, kwa juzuu zake tatu, nacho ni amana kwangu". Mwandiko wake ulijulikana, kwani familia ilikuwa na barua zake.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu zaidi kwa familia: kulipeleka suala kwa kadhi. Baadhi yetu tuliofanya kazi kwenye vitabu tungeweza kusema "huu ni wakfu, basi". Hatukusema, kwa sababu si kazi ya mhifadhi kuthibitisha milki, na kwa sababu hoja ya mjukuu ilikuwa na uzito wa kisheria. Kwa Mashafi, wakfu hausihi ila kwa tamko. Maandishi bila tamko ni kinaya, yaani kauli isiyo wazi, inayohitaji nia, na mwenye nia alikwisha kufa. Tena kitabu kilikuwa mkononi mwa familia, na mkono ni dalili ya milki.

Kadhi alilisikiliza kwa utulivu. Alianza na swali ambalo wengi hudhani ni gumu, la kama kitu kinachobebeka kinaweza kuwekwa wakfu. Minhaj yenyewe inajibu waziwazi: ardhi, kitu cha kuhamishika na hata fungu la shirika vyote vyafaa, ilimradi manufaa yake yadumu, na chakula hakifai kwa sababu manufaa yake ni kukitumia kikaisha. Kitabu hakina shaka hapo.

Kisha akaja kwenye ushahidi. Waliletwa wazee waliosoma kwa mwalimu yule. Hakuna hata mmoja aliyemsikia yule mfanyabiashara akitamka. Walichokuwa nacho ni kwamba mjini ilijulikana hivyo: wao walisikia kutoka kwa wakubwa wao, na hao wakubwa walikuwa wengi na hawakuwa na cha kugawana. Je, ushahidi wa kusikia unathibitisha wakfu? Hapa ndipo lilipo lile neno "qultu". Katika mlango wa ushahidi, karibu na mwisho wa kitabu, ufupisho wa al-Rafi'i unaruhusu ushahidi wa namna hiyo katika nasaba na kifo, na kuukataa katika wakfu, ndoa na milki. Hapo Nawawi anaingia: nasema, iliyo sahihi zaidi kwa wahakiki na walio wengi ni kwamba yote yanajuzu. Sharti lake ni kusikia kutoka kwa kundi ambalo haliyumkiniki kula njama ya uongo. Kadhi aliwauliza wazee mmojammoja, faragha.

Na juu ya hayo palikuwa na maandishi ya mwalimu, ambayo kadhi aliyaona ni ikirari. Mtu akikiri kwamba alicho nacho ni amana, ikirari yake humfunga yeye, na warithi hawawezi kudai zaidi ya alichokuwa nacho aliyewaachia. Mkono wa familia ukawa ni mkono wa mwekewa amana, si wa mwenye mali.

## Matokeo

Kadhi alithibitisha wakfu kwa juzuu zote tatu. Juzuu ya pili haikuwa na maandishi ya mweka wakfu, lakini maneno "kwa juzuu zake tatu" yaliimaliza mjadala. Kwa kuwa mweka wakfu hakumtaja msimamizi, usimamizi ulirudi kwa kadhi, kama Minhaj isemavyo. Naye aliwateua shangazi na mwalimu mmoja wa madrasa kuwa wasimamizi wa pamoja, na habari ikapelekwa kwenye ofisi ya wakfu.

Arubuni ilirudishwa, ingawa sehemu yake ilikuwa imeshatumika na ndugu wakalazimika kuchangishana. Dalali alidai fidia ya usumbufu, hakupewa. Mjukuu mmoja wa kike, aliyekuwa amepanga fungu lake kwa ada ya mtoto, aliumia, na familia haikulichukulia jambo hilo kwa wepesi: waliuza kabati lenyewe, ambalo lilikuwa milki halali ya marehemu, wakampa fungu kubwa.

Kuhusu mahali pa kukaa vitabu, taasisi moja ya mji mwingine ilijitolea chumba chenye kiyoyozi na mashine ya kupunguza unyevu. Wasimamizi walikataa kwa sababu ya sharti la kutotoka mjini. Juzuu zilikwenda kwenye chumba cha ghorofani cha maktaba ndogo ya hapohapo, zikiwa ndani ya masanduku, na picha za kurasa zote zikawekwa kwenye kompyuta ya madrasa ili wanafunzi wasome bila kugusa karatasi iliyokauka.

## Uchambuzi

Lililookoa kitabu hiki kwanza ni kumbukumbu ya mama mmoja aliyekuwa tayari kumkatiza mpwa wake mbele ya watu. Hakuwa na hati. Alikuwa na jina ambalo babake alikiita kitabu. Katika kila nyumba yenye vitabu vya kale, wahojini wazee kabla ya kumwita mthamini, na waulizeni wanawake wa nyumba hasa, kwa kuwa ndio waliotumwa kabatini.

La pili ni utaratibu wa picha. Tungeanza na matengenezo, tungetengeneza jalada la juzuu ya tatu vizuri sana na tusingesoma pambizo. Ninasisitiza hili kwa sababu wahifadhi wengi tunafundishwa kuanza na kilichoharibika zaidi, na kilichoharibika zaidi huwa ni jalada. Ushahidi wa milki hukaa kwingine: karatasi za mwanzo na mwisho, pambizo, na vipande vilivyotumika kama alama ya ukurasa. Aidha, wino uliotumika hapa ni wa masizi. Hauli karatasi, lakini maji huuondoa, hivyo kuosha kurasa kungefuta kila kitu ambacho mahakama ilikuja kukihitaji.

Lililoshindikana ni juzuu ya pili, na halirekebishiki. Mjalidi wa zamani hakuwa mtu mbaya. Alifanya alichoombwa, kitabu kikawa nadhifu. Lakini maelezo ya mwalimu katika pambizo za juzuu nzima yamekatwa katikati ya maneno, na hayo yalikuwa mafunzo ya mwanachuoni wa kwetu juu ya sharia inayotuhusu. Kwangu mimi hasara hiyo ni kubwa kuliko ambayo ingepatikana kama juzuu ingepotea yenyewe, kwa sababu chapa ya Batavia inaweza kusomwa Leiden huko Uholanzi au kwingineko, na maneno ya mwalimu yule hayawezi.

Kulikuwa pia na udhaifu katika mwenendo wa mirathi. Warithi waligawana kabla ya kutenganisha kilicho cha marehemu na kilicho mikononi mwake tu. Deni, amana na wakfu hutolewa kwanza. Hilo kila mtu analijua kwa ardhi na nyumba, na karibu kila mtu hulisahau kwa vitabu. Kama kabati lingekaguliwa kabla ya mgawo, arubuni isingepokelewa na yule mama wa mtoto asingejenga matumaini juu ya fungu lisilokuwepo.

Hoja moja iliyotolewa na dalali inastahili kujibiwa kwa uzito, maana itarudi kwingine. Alisema kitabu kimezeeka, kinaliwa na wadudu, na kukiuza kwa mwenye uwezo wa kukihifadhi ni kukihurumia. Minhaj imelitazama jambo la namna hii. Inasema iliyo sahihi zaidi ni kujuzu kuuza mikeka ya msikiti ikichakaa, na magogo yake yakivunjika yakawa hayafai ila kwa kuni. Mti wa wakfu ukikauka, wakfu haukatiki, hutumiwa kama gogo. Na msikiti ukibomoka ukashindikana kujengwa tena, hauuzwi kwa hali yoyote. Ukizisoma hukumu hizo pamoja, unaona kwamba kuchakaa peke yake hakufungui mlango wa kuuza, lazima manufaa yawe yamekwisha kabisa. Kitabu chenye matundu ambacho bado kinasomeka kiko mbali na kuni. Zaidi ya hayo, Minhaj inahesabu ukarabati miongoni mwa kazi za msimamizi, kwa hiyo fedha za kutafutwa ni za matengenezo.

Suala la chumba ndilo ambalo wahifadhi wenzangu bado wanabishana nalo. Wapo wanaosema chumba chenye kiyoyozi kingeongeza umri wa karatasi hii ya karne ya 19, yenye tindikali na inayokatika ikikunjwa, na kwamba sharti la mweka wakfu liliwekwa na mtu asiyejua sayansi ya karatasi. Hoja yao ya karatasi ni ya kweli. Lakini kitabu hiki kilinunuliwa ili msomaji wa mji huu akipate, na chumba kizuri katika mji usiofikika na mwanafunzi wa madrasa kingehifadhi karatasi kwa kuondoa manufaa. Wasimamizi walichagua sawasawa, mradi unyevu wa chumba upimwe kila siku na masanduku yafunguliwe kukaguliwa kila baada ya masika.

Masanduku hayo yametengenezwa na fundi yuleyule aliyekuwa ameombwa kukata kingo. Alifundishwa kuziba nyufa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano inayotoka kwa unyevu kidogo, pasipo selotepu wala gundi ya mbao, na kuyarudisha majalada ya awali bila kugusa pambizo. Tangu hapo, mtu akimletea kitabu cha Kiarabu, humwomba kwanza atafute wa kumsomea karatasi za mwanzo, na kama hana, humtuma madrasani kabla ya kukubali kazi.